Mtoto yuko wapi?

Najua nimepotea, msinipige mawe. Mara ya mwisho niliandika hapa kulalamika kuhusu bumu kuchelewa. Tangu siku ile bumu limekuja, limekwisha, na mtoto amejifunza kujigeuza kitandani mwenyewe. Mambo ni mengi, muda ndo hamna.

Kwa wageni: mwenzenu ni denti wa mwaka wa tatu, sheria, hapa hapa Dar. Na ni mama wa mtoto wa kiume wa miezi mitano ambaye kwenye ukurasa huu anaitwa Bosi, kwa sababu ndiye anayepanga ratiba ya nyumba nzima. Tunakaa naye nje ya chuo, vyumba viwili, pamoja na mama yangu aliyetoka Muheza kuja "wiki mbili tu" nilipojifungua. Wiki mbili zenyewe zinaelekea mwezi wa sita sasa. Mungu ampe maisha marefu.

Sasa kisa. Mwezi uliopita nilichaguliwa kwenye timu ya chuo kwenda kwenye mashindano ya mahakama ya mfano, nchi jirani. Nchi siitaji, mji siutaji, mkifika mbele mtaelewa kwa nini. Kwa wasiosoma sheria: mahakama ya mfano ni mnapewa kesi ya kutunga, upande mmoja unaleta maombi, upande mwingine unajibu, na majaji wa kuazima wanawachoma maswali mpaka mnasahau majina yenu. Nilikuwa nalitaka hilo tangu mwaka wa kwanza. Mwaka wa pili nilikosa nafasi kwa tofauti ya alama mbili. Mwaka huu nimeipata, na nina mtoto anayenyonya.

Kumchukua haikuwezekana. Tiketi zililipwa na waandaaji, mtu mmoja mmoja, na malazi ni vyumba vya watu wanne wanne. Kumwacha inawezekana, lakini Bosi alikuwa hajaonja kitu kingine zaidi ya maziwa yangu, na nilitaka afikishe miezi sita hivyo hivyo kama wanavyotufundisha kliniki. Siku za kuondoka ni Jumatano alfajiri, kurudi Jumamosi usiku. Nikachukua kalamu. Mtoto wa umri huu anakunywa wastani wa mililita 750 hivi kwa siku. Siku nne kasoro kidogo, hiyo ni karibu lita 2.8. Jamani, lita mbili na nukta nane! Kutoka kwangu mimi, mwenye kilo 51!

Nilianza kukamua wiki sita kabla. Hapa nina hadithi ndani ya hadithi, nivumilieni. Shangazi yangu aliyeko Marekani alikuwa amenitumia pampu ya umeme, nzuri, imekaa kwenye kibegi chake kama kompyuta. Siku ya kwanza nikaichomeka ukutani kwa furaha, na ile chaja yake ikasema "pwa!" ikatoa moshi mdogo mweupe, basi, ikawa ndo mazishi. Kumbe kwa chini, kwa maandishi ya saizi ya chawa, imeandikwa volti 120. Umeme wetu ni 230. Mwanasheria mtarajiwa, nimefundishwa miaka mitatu kusoma maandishi madogo, nimeshindwa kusoma chaja. Teh teh teh. Kwa hiyo dada zangu mnaoletewa pampu kutoka kule, angalieni kwanza: ikiandikwa 100–240 endelea, ikiandikwa 120 peke yake, usithubutu bila kibadilisha umeme.

Nikaenda Kariakoo nikanunua ya mkono, ile ya kuminya kwa kiganja. Baadaye nesi wa kliniki akanifundisha kukamua bila kifaa chochote: kidole gumba juu, vidole viwili chini, nyuma kidogo ya ile duara nyeusi, unasukuma kuelekea kifuani kwanza halafu ndo unaminya. Usivute chuchu. Nikwambieni ukweli, siku nyingine mkono ulitoa kuliko pampu, na mkono hauhitaji chaja.

Tatizo la pili: friza. Sisi kwetu friji ni ndoo ya maji. Lakini jirani yetu anauza barafu za ukwaju na ubuyu, ana friza kubwa la kulala, na mtaa mzima unamwita Mama Barafu. Akanipa kona. Nikawa naweka vifuko vya mililita mia mia ndani ya kopo la ice cream, kila kimoja nimekiandika tarehe kwa kalamu isiyofutika. Alinionya mapema: "Mwanangu, mimi mwenyewe nimekuelewa, lakini mwanangu Shabani akiuza, anauza chochote kilichoganda." Na kweli, siku moja nimefika pale nikamkuta Shabani ameshika kifuko anamuuliza mteja wa darasa la tatu kama anataka cha nazi. Cha nazi! Nilimpokonya kama polisi. Kuanzia siku hiyo kopo likaandikwa kwa herufi kubwa DAWA YA NG'OMBE, na hakuna aliyeligusa tena.

Mpaka Jumanne usiku nilikuwa na vifuko 28. Nilivihesabu mara tatu. Mama akaniangalia akasema, "Unahesabu kama mtu anayeuza shamba." Saa tisa usiku nikamnyonyesha Bosi titi zote mbili, akalala. Nikatoka bila kumwamsha. Nililia kwenye bajaji mpaka Ubungo, dereva akadhani nimefiwa, akanipa pole na kupunguza mziki.

Pale Terminali 3 ya kiwanja cha Nyerere mambo yalikuwa mepesi. Kutoka nilikuwa na pampu tupu, chupa tupu, deli dogo na vibarafu viwili vya jeli vilivyoganda kama jiwe. Dada wa ukaguzi akaitoa pampu, akaigeuza, akauliza, "Hii ndo nini?" Nikamwambia. Akacheka akasema, "Nilijua ni honi ya baiskeli," akanirudishia. Tukaachana vizuri.

Ndani ya ndege ndo nikajifunza jambo ambalo hakuna kitabu kilichoniambia. Viti vinne nyuma yangu alikuwepo mtoto mchanga, na tulipoanza kupaa akalia. Kilio kile kile cha Bosi cha njaa. Mwili wangu haukuuliza mtoto ni wa nani. Ukafungulia bomba. Nilihisi zile sindano, halafu joto, halafu blauzi ikawa ramani ya Ziwa Viktoria. Nilivaa koti jeusi la suti juu mpaka tunatua, na nje jua linawaka. Wenzangu wakauliza kama nina malaria.

Huko tulikokwenda ratiba ilikuwa ya moto. Titi halijui ratiba. Usipolikamua kila baada ya saa tatu au nne linajaa, linakuwa gumu kama embe bichi, na ukiliacha linaweza kuziba, likavimba na kukupa homa ya kukulaza. Na zaidi ya hapo, maziwa yanatengenezwa kwa kadiri yanavyotolewa. Usipoyatoa siku tatu, mwili unaamua mtoto kaacha, unapunguza uzalishaji. Kwa hiyo hata kama nisingerudi na tone moja, ilikuwa lazima nikamue.

Wapi sasa? Siku ya kwanza chooni. Nimekaa juu ya kifuniko, pampu mkononi, huku watu wanagonga mlango. Siku ya pili mama anayefanya usafi kwenye lile jengo akanikuta nimesimama kwenye korido nimejikunyata. Hakusema mengi. Akanifungulia stoo yake ya mafagio, akanipa kiti na ufunguo, akasema, "Ukimaliza nirudishie." Stoo ilinukia dawa ya kufutia sakafu lakini ilikuwa na mlango unaofungwa kwa ndani. Sijawahi kupenda mafagio vile. Chupa na vifaa vya pampu nilikuwa naviosha kwenye kibeseni changu nilichonunua sokoni, maana sinki la pale lilioshewa kila kitu mpaka viatu, halafu jioni navimwagia maji ya moto. Maziwa yakaenda kwenye friji ya jiko la hosteli, nyuma kabisa, mbali na mlango, ndani ya mfuko wa kaki ulioandikwa jina langu.

Kuna usiku nilikaa nikafikiria kichekesho kimoja. Sheria yetu ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi likizo ya uzazi ya siku 84, au siku 100 akizaa zaidi ya mtoto mmoja, tena inasema mwajiri amruhusu mama kunyonyesha mpaka saa mbili kwa siku ndani ya muda wa kazi. Niliijibu kwenye mtihani mwaka jana, nikapata alama zote. Lakini mwanafunzi si mfanyakazi. Mimi nikitaka saa mbili za kunyonyesha, lecha ananiuliza kama nataka na sapu. Wengine wanasema si ungeahirisha mwaka. Sawa. Na mkopo? Na timu? Tangu Novemba 2021 hata binti wa sekondari aliyejifungua anaruhusiwa kurudi darasani, na ni jambo jema kabisa. Ila kurudi darasani ni kitu kimoja, na titi kujaa saa nne asubuhi katikati ya kipindi ni kingine. Hilo la pili sijaona waraka wake.

Turudi. Ijumaa mchana tulikuwa nusu fainali. Mimi ndiye niliyesimama wa pili. Jaji wa katikati akaniuliza swali refu kuhusu mamlaka ya mahakama, na wakati anauliza nikahisi zile sindano. Nikabana mikono kifuani kama mtu anayefikiri sana. Nikajibu nimejikunja hivyo hivyo. Tulitolewa kwa tofauti ndogo, lakini kwenye karatasi ya maoni yule jaji aliandika kwamba nina "utulivu wa mwili." Kwi kwi kwi! Angejua.

Usiku nikapiga simu nyumbani. Mama akapokea. Shikamoo, marahaba. Bosi hajambo? Hajambo, amelala. Maziwa yanatosha? Akanyamaza kidogo, akasema, "Wewe maliza ya huko, urudi salama." Nikaona ni uchovu tu.

Jumamosi asubuhi nikakamua mara ya mwisho. Hesabu: Jumatano mililita 300, Alhamisi 500, Ijumaa 480, Jumamosi 220. Lita moja na nusu kamili, kwenye chupa. Wiki iliyofuata ilikuwa ya testi, siku nne mfululizo, niko chuo kuanzia saa mbili asubuhi mpaka jioni. Lita moja na nusu ndo ilikuwa akiba ya wiki ile. Nikaipanga kwenye deli pamoja na vile vibarafu viwili ambavyo friza la hosteli lilivigandisha nusu nusu.

Kabla sijafika kwenye ukaguzi, niwape darasa fupi. Ile sheria ya vimiminika visizidi mililita 100 ilianza mwaka 2006, baada ya polisi wa Uingereza mwezi Agosti kuzima mpango wa kulipua ndege kwa vimiminika vilivyofichwa kwenye chupa za vinywaji. Ulaya wakaiweka Novemba mwaka ule ule, na shirika la usafiri wa anga la Umoja wa Mataifa likazishauri nchi zote ziifuate kuanzia Machi 2007. Lakini tangu mwanzo kulikuwa na msamaha: dawa, chakula maalumu, na maziwa ya mtoto. Sasa hapo kwenye maneno "ya mtoto" ndipo mgogoro unapozaliwa. Marekani wameandika wazi kwamba mama anaweza kupita na maziwa aliyokamua zaidi ya mililita 100 hata kama mtoto hayupo naye, na vibarafu vyake pia. Uingereza nao hivyo hivyo, mtoto awepo asiwepo, ila kila chupa isizidi mililita 2,000, na yaliyogandishwa hawayaruhusu kwenye begi la mkononi, yaende kwenye mizigo. Marekani yaliyoganda wanayaruhusu. Maziwa yale yale, nchi mbili, majibu mawili. Tena hata Marekani hawakuzaliwa nayo: mwaka 2002, kabla ya hiyo sheria ya vimiminika, kwenye kiwanja kimoja cha New York mama mmoja aliambiwa anywe maziwa yake mwenyewe mbele ya watu ili kuthibitisha. Mpaka mwaka 2018 ndo wakatunga sheria ya kulazimisha viwanja vyao vikubwa na vya kati viwe na chumba cha kunyonyesha na kukamulia, chenye kiti, meza na soketi, na kisiwe choo.

Haya. Kijana wa ukaguzi akafungua deli.

"Hizi ni nini?"

"Maziwa."

"Ya nini?"

"Ya mtoto."

Akatazama nyuma yangu. Akatazama chini ya meza. "Mtoto yuko wapi?"

"Yuko nyumbani."

"Basi si ya mtoto. Ni yako."

Nikwambieni, kama mtu wa sheria nilikiri moyoni kwamba hoja ina kaujanja. Nikamwambia mtoto ana miezi mitano, namrudia, ndo maana nimeyakamua. Akasema abiria mwenye msamaha ni mtoto, na mtoto hana tiketi. Nikamwambia nikiwa na mtoto nisingehitaji chupa. Hapo nikaona amefikiri kidogo. Halafu akasema chagua: umwage pale kwenye pipa, au urudi ukaweke kwenye mizigo. Mizigo ilikuwa imeshaondoka, na wenzangu walikuwa wameshapita, wananipungia mkono niharakishe.

Foleni nyuma yangu ikaanza kuguna. Mzee mmoja akasema kwa sauti, "Mwache dada apite, ni maziwa tu." Mwingine akasema, "Anywe kidogo tuone." Nikageuka kumwangalia huyo wa pili na nadhani sura yangu ilimtosha.

Nikamwambia kijana, kwa heshima zote, naomba msimamizi wako. Sauti ilikuwa inatetemeka. Siku moja kabla nilikuwa nabishana na majaji watatu bila jasho, sasa nabishana juu ya chupa na machozi yanakuja. Nikazishika zile chupa kwa mikono miwili. Ningezimwaga mwenyewe kabla sijamwachia yeye amwage, ndivyo nilivyojisemea, na mpaka leo sijui ingesaidia nini.

Msimamizi akaja, mama wa makamo, miwani imening'inia kifuani. Hakumwangalia kijana. Aliniangalia mimi, akaangalia koti langu, ambalo upande wa kushoto lilikuwa limeshaanza kulowa.

"Ana miezi mingapi?"

"Mitano, mama."

"Unakamua kwa mkono au kwa mashine?"

"Ya mkono. Ya mashine iliungua."

Akachukua kitambaa kidogo, akafuta nje ya kila chupa, akakiingiza kwenye mashine yao, ikatulia. Hakufungua hata moja. Akamwambia kijana kitu kwa lugha yao, halafu akanigeukia: "Maziwa pita nayo. Hivi vya jeli vimelegea, hivi hapana." Nikataka kubisha. Akainua kidole. "Binti, chukua ulichopata."

Nikachukua. Nimepita na lita moja na nusu, bila barafu, na ndege ikatangazwa imechelewa dakika 50.

Kwenye joto la kawaida, lisilozidi nyuzi 25, maziwa yaliyokamuliwa yanakaa saa nne. Kwenye deli lenye barafu ngumu yanakaa mpaka saa 24. Mimi nilikuwa nimetoka kwenye daraja la pili nikashushwa la kwanza. Nikaanza kuhesabu dakika. Ndege ikapaa. Nikamwita mhudumu nikamweleza bila aibu, maana aibu nilikuwa nimeiacha kwenye ukaguzi. Akaniletea barafu za vinywaji kwenye mfuko, akaufunga fundo mbili. Akaniambia, "Mimi wangu ana mwaka na nusu." Halafu akaendelea kugawa juisi. Kitu kingine nilichokigundua: hewa ya ndani ya ndege ni nyepesi, sawa na kuwa mlimani mita 2,000 hivi, kwa hiyo chochote ulichofunga na hewa nyingi ndani kinavimba. Chupa zangu zilitulia, lakini kifuko kimoja kitupu nilichokifunga bila kukikamua hewa kilikuwa kimejaa kama puto. Mkisafiri na vifuko, toeni hewa kwanza.

Kutoka kwenye ukaguzi mpaka mlangoni kwetu ilikuwa saa nne na dakika ishirini. Barafu ya mhudumu ilidumu mpaka njiani, kwenye foleni ya Ubungo. Nilinusa kila chupa. Zilikuwa bado za baridi.

Mama alikuwa amekaa kibarazani na Bosi mapajani, taa zinawaka. Pembeni kwenye meza kulikuwa na kopo la maziwa ya unga.

Sikuuliza. Akaniambia mwenyewe. Alhamisi usiku transfoma ya mtaa ililipuka. Friza lililojaa likifungwa linaweza kushika baridi mpaka saa 48, lakini Mama Barafu hakuweza kulifunga, mtaji wote uko mle, akawa analifungua kila dakika auze kabla hazijayeyuka. Ijumaa mchana kopo la DAWA YA NG'OMBE lilikuwa maji. Vifuko 12 vilikuwa vimebaki. Mama akamnywesha Bosi alichoweza, kilichobaki kikaanza kunuka, na ilipofika magharibi mtoto analia. Akachukua pesa ya kodi ya umeme, akaenda duka la dawa.

"Mbona hukuniambia jana?"

"Nikwambie ili iweje? Upande ndege?"

Nikaanza kusema mambo ya kliniki, miezi sita, na kwamba nilikuwa nimebakiza wiki nne tu. Mama akanisikiliza mpaka mwisho. Halafu akasema, "Mwanangu, ulitaka nimpe nini? Vifungu vya sheria?"

Tukacheka. Mimi nikacheka huku nalia, yeye akacheka peke yake. Ukweli ni kwamba Bosi alikuwa ananenepa zake, mashavu hivi, analipenda lile kopo kama mtu aliyepata mshahara wa kwanza. Nilipomweka kwenye titi akanuna. Akageuza kichwa. Akaniangalia kama mtu ninayemdai. Akajaribu, akaachia, akalia. Dakika ishirini hivyo, na mimi nimejaa naumia. Mama akaninong'oneza nizime taa, nilale naye kitandani ngozi kwa ngozi, nisimlazimishe. Nikafanya hivyo. Saa tano na nusu akashika mwenyewe, akiwa usingizini.

Umeme ulikuwa umerudi mchana ule. Asubuhi nikazipeleka kwa Mama Barafu zile za Alhamisi, Ijumaa na Jumamosi. Alinionea haya sana, akakataa pesa ya kona ya mwezi mzima. Za Jumatano zilikuwa zimefika siku nne, nikaamua kuzimwaga. Nilikuwa naelekea chooni Mama akanizuia: maziwa ya mtu hayamwagwi chooni. Nikayamwaga kwenye shina la mpapai.

Wiki ya testi imepita. Vifuko vilifika mpaka Jumatano, Alhamisi Bosi akapata kopo, na mimi nikapata dozi ya maswali ambayo sikuyasoma kabisa. Wale mlioniandikia kuuliza pampu ya mkono Kariakoo ni bei gani, mimi nilinunua elfu thelathini na tano baada ya kuanza na hamsini, jitahidini kushusha zaidi. Msinunue ambayo hamjaijaribu kwa kuiminya kwenye kiganja cha mkono kwanza, kama haivuti ngozi haitavuta kitu.

Kopo jipya la Bosi kwenye friza sasa limeandikwa SUMU YA PANYA. Shabani amehitimu kusoma lile la ng'ombe.

Ngoja nikakamue, saa nne imefika. Nitarudi.